Oili Iliyotiwa Lakiri

Karatu ilikuwa imeshapotelea nyuma ya vumbi letu, na mibuni ya mwisho inapita upande wa kushoto ikiwa imejipaka udongo mwekundu, wakati Clemensi alipoanza kuisoma geji yake kwa sauti.

"Themanini na nane," akasema. Baada ya kona akasema, "Themanini na tisa." Tulipopanda kilima kidogo akasema, "Tisini," akaandika kwenye daftari, pamoja na saa aliyoisoma.

Hakuna aliyemuuliza. Clemensi alikuwa mtu wa kujibu asiloulizwa.

Gari lilikuwa Landrova ya mradi wa maji, nasi tulikuwa tunakwenda Digodigo, upande wa Sale, kujenga banio la kugeuzia maji ya mto yaingie mferejini. Usukani alikuwa nao Hhando, Mwiraqw wa pale pale Karatu, dereva wa miaka kumi na minne asiyewahi kugonga hata kuku. Katikati alikaa Petronila, mtunza stoo, na karatasi zake ndani ya mkoba. Mlangoni alikaa Clemensi, ambaye sisi wote tulitakiwa kumwita Bwana Mtaalamu. Mimi nilikuwa nyuma juu ya mifuko ya saruji, nimepenyeza kichwa katikati ya mabega yao kama mbuzi anayechungulia jikoni.

Clemensi alikuwa amesoma ng'ambo miezi sita. Wengine walirudi na redio, wengine na vitambaa vya suti. Yeye alirudi na geji ya kupima joto la oili ya injini. Gari lilikuwa na geji ya joto la maji kama magari yote ya dunia, na ilikuwa inatosha, lakini hiyo aliiona ya kishamba. Akaifunga ile ya kwake mwenyewe, Jumapili moja, kwa bisibisi na mchoro, akamkataza Hhando kushika hata waya mmoja kwa sababu Hhando hakuwa na cheti. Tangu siku hiyo mtu yule alikuwa hatazami barabara, hatazami milima, hatazami watu. Alikuwa anatazama kiduara cha ukubwa wa kifuniko cha chupa ya dawa.

Mwaka ulikuwa themanini na tatu, mwezi wa sita. Aliyekuwa na umri atakumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna, oili ya gari hakuna. Ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi. Mtu aliyekutwa na magunia matatu ya sukari alikuwa mhujumu. Aliyekutwa na oili asiyoweza kuieleza alikuwa mhujumu. Na aliyekutwa hana kitu chochote, wala kazi, huyo alikuwa mzururaji, akapakiwa lori kupelekwa mashambani kwa nguvu. Mimi nilikuwa wa kundi hilo la tatu. Nilitoka Singida nikiwa kijana, nikapita mashamba ya kahawa ya Oldeani, nikapita Mbulu, nikarudi Karatu, na kila mahali niliondoka kabla jina langu halijakauka kwenye daftari. Clemensi aliniokota kwenye nyumba za vibarua akanipa kazi ya kuchimba. Kipande cha kazi, ile kadi ya kuonyesha kwamba umeajiriwa, akasema, nitapewa tukishafika Digodigo.

Langoni Lodoare askari wa hifadhi alituuliza tuko wangapi.

"Watumishi watatu na kibarua wangu mmoja," akajibu Clemensi bila kugeuka.

Kibarua wangu. Nikayahifadhi maneno yale. Yalikuwa ndiyo karatasi yangu.

Ukishapita lango barabara inaingia msituni na kuanza kujikunja kuelekea juu. Mwezi wa sita ukungu hulala pale mpaka saa sita mchana kama mtu asiye na shamba. Tuliingia ndani yake ghafla, miti ikapotea, na Hhando akavuta swichi ya taa kubwa.

"Mia na thelathini na tano," akasema Clemensi, na sauti ikamkauka. "Simamisha gari."

"Hapa ni konani, Bwana Mtaalamu. Lori likitokea juu..."

"Injini inaungua, wewe unanisomea kona. Simamisha."

Hhando akasogea pembeni, akazima taa, akazima injini, akafungua boneti. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichomeka tena, akakichomoa. Akasugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa, akaitazama kwenye mwanga, kama mwanamke anavyopima unga sokoni.

"Oili nzima," akasema. "Haijapungua, haijaungua. Hata maji yametulia, tazama geji ya zamani."

"Geji ya zamani haijui oili."

"Kidole changu kinajua."

"Kidole chako hakina tarakimu," akasema Clemensi. Kisha akatuhubiria. Huku juu hewa ni nyembamba, akasema, na hewa nyembamba haipoozi injini sawasawa. Alisema kwa dakika kumi, mvuke unamtoka mdomoni, sisi tunatetemeka kwa baridi.

"Mwezi jana tulipopita hapa hewa ilikuwa nene?" akauliza Petronila.

"Mwezi jana geji ilikuwa haijafungwa."

"Kumbe ndiyo maana tulifika."

Tukakaa nusu saa. Hhando alipowasha tena, mshale ulipanda polepole ukasimama kwenye tisini. Clemensi akatikisa kichwa kwa kuridhika na akaandika kwamba imepoa. Gari likang'oka. Hhando akavuta swichi ya taa, kwa sababu bila taa pale hukuona pua ya gari, na mshale ukaruka hadi mia na thelathini na tano kwa kufumba na kufumbua, kama mtu aliyekanyaga kaa la moto.

Nilikuwa nauangalia mkono wa Hhando, na nikaona.

Oldeani nilifanya miaka miwili kwenye pampu ya shamba, nikimshikia spana fundi mmoja mlevi aliyeitwa Patrisi. Karibu kila alichonifundisha kilikuwa uongo, lakini kimoja kilikuwa kweli: umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi la gari. Funga waya huo juu ya rangi badala ya chuma kitupu, umeme unakosa mlango. Sasa kama taa kubwa na geji wanatumia mlango huo mmoja mbovu, ukiwasha taa wanasukumana, na geji inaonyesha msukumano, haionyeshi joto. Oili ya injini haipandi digrii arobaini na tano kwa kuvuta swichi. Hata sufuria ya chai haichemki hivyo.

Nikanyamaza. Nitasema kwa nini, wala si sababu nzuri. Mtu wa chini akimsahihisha mtaalamu, neno linakwenda kuandikwa mahali, na likiandikwa wanataka jina la aliyesema, na jina likitajwa wanataka kipande. Nilitaka kufika Digodigo nimekaa kimya juu ya saruji yangu. Nikajiambia Hhando ni fundi, ataona mwenyewe. Hhando alikuwa anaijua injini kama mke wake, lakini waya za umeme alikuwa hazisogelei, na hizi za geji alikuwa amekatazwa. Hata taa alikuwa anaiwasha bila kuiangalia. Hakuona.

Tukasimama mara ya pili juu kabisa, pale ukingoni ambapo watu husimama kutazama kreta. Kreta haikuonekana. Shimo lote lilikuwa limejaa ukungu, na watalii wanne walikuwa wanaupiga picha.

Clemensi akashuka, akaweka mikono nyuma.

"Ndugu Hhando, jana ulipewa oili mpya na stoo. Iko wapi?"

"Imo kwenye injini."

"Oili mpya haipandi hivi. Hii ni oili chafu. Mpya umeiuza."

Hhando naye akashuka. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kofia ya sufu ya kahawia, na uso wake ulikuwa mgumu kuusoma. Akamgeukia Petronila.

"Mimi nilitoa galoni imefungwa," akasema Petronila upesi, mkono tayari uko ndani ya mkoba. "Sahihi yake hii hapa. Ikishatoka mlangoni kwangu mimi simo."

"Hakuna aliyesema umo, dada."

"Nimesema mapema, kabla hajasema mtu."

Hapo ndipo alipotokea Senteu, mchunga ng'ombe wa Olbalbal, kule bondeni, mtu wa makamo, na punda wawili waliotoka kupeleka ngozi. Alikuwa anataka lifti ya kuteremka, yeye peke yake, punda wangemfuata na ndugu yake baadaye. Akamsalimia Petronila kwanza, kwa kumwita mama kwa Kimaasai, "Yeyo, habari ya safari," kisha akauliza gari lina nini.

"Lina joto," akasema Hhando.

Senteu akaegemeza fimbo, akalala chali chini ya gari bila kuomba ruhusa, akaweka kiganja chake chini ya injini, pale oili inapokaa. Ng'ombe akiumwa, mtu wa kwao humshika sikio na pua, na hasemi kitu mpaka ameshika. Akakaa pale kwa muda. Akatoka akijipangusa.

"Hii haina homa," akasema. "Imetembea tu. Mimi nikipanda hapa nakuwa hivi hivi."

"Mzee, mambo ya injini si ya ng'ombe," akasema Clemensi.

"Ndiyo. Ng'ombe nashika kwanza, halafu nasema. Wewe umesema kwanza."

Petronila akacheka ndani ya kanga. Nadhani ndicho kilichomharibu Clemensi. Mtu akichekwa na mtunza stoo mbele ya mchungaji na watalii hukumbuka cheo chake chote. Akasema mashtaka yanataka kielelezo, na kwamba amesoma jinsi kielelezo kinavyotunzwa. Akaagiza oili yote imwagwe kwenye debe safi la maji la Petronila.

"Yote?" akauliza Hhando.

"Kielelezo kamili."

"Na gari litakwendaje?"

"Hilo ni swali la mtu mwenye hatia."

Nimetembea sana, nimeona wapumbavu wa kila kabila na kila dini, waliosoma na wasiosoma. Sijaona tena mtu anayelikamua gari oili njiani, kwenye ukungu, maili tatu kutoka kituo cha polisi, ili alipeleke kituo cha polisi. Hhando aliingia chini na spana. Oili ikatoka nyororo, bado ina rangi ya asali ya msituni, mtu yeyote mwenye macho angeiona kuwa ni mpya. Clemensi hakuiangalia. Alikuwa anatafuta mshumaa.

Alifunika debe kwa kitambaa, akalifunga kwa kamba, akadondoshea nta ya mshumaa juu ya fundo iwe lakiri, akatoa muhuri wa ofisi kwenye begi lake, maana alisafiri na muhuri wa ofisi, akaubandika juu ya nta ikiwa bado laini. Kisha akakaa juu ya jiwe akaandika barua, na alipomaliza akatusomea yote, ili tuwe mashahidi. Ilisema kwamba dereva Hhando, kwa makusudi na kwa tamaa, ameuza mali ya umma na kuhujumu mradi wa wananchi, na kwamba aliyetajwa akamatwe.

Wote tulijua maana yake. Mwaka ule watu walikuwa wanawekwa ndani kwa kidogo kuliko hicho, na wengine tulikuwa hatujawaona tena.

Hhando akavua kofia, akaikunja, akaiweka mfukoni kama mtu anayeingia kanisani. Akaenda kwenye kiti chake, akatoa pakiti mbili za chumvi alizozitafuta Karatu kwa wiki nzima, akaja nyuma ya gari nilipokuwa.

"Ismaili, wewe utarudi Karatu siku moja."

"Sijui."

"Utarudi, huna pa kwenda. Hizi mpe Antonia, mke wangu. Mwambie yule mtamba asiuzwe kunitafutia wakili. Mwambie hivyo tu. Asiuze ng'ombe."

Nikabaki na chumvi mapajani. Mtu anakwenda jela kwa ajili ya skrubu moja iliyofungwa juu ya rangi, na mimi naijua skrubu yenyewe, na yeye ananikabidhi chumvi kwa kuniamini. Hata mimi, ambaye sijawahi kujisumbua sana kuhusu watu, niliona aibu. Nikashuka kwenye saruji.

"Bwana Mtaalamu," nikasema, "oili iko wapi?"

"Unaiona. Iko kwenye debe."

"Ndani ya injini imebaki?"

"Hata tone. Umeona mwenyewe."

"Hhando, fungua ufunguo, injini usiwashe. Bwana Mtaalamu, soma geji."

Clemensi alikuwa hawezi kuiona geji yake bila kuisoma. "Arobaini na tano," akasema. "Injini imepoa. Kwani nani amekutuma?"

"Hhando, vuta taa."

Mshale ukaruka.

"Soma," nikasema.

Hakusoma. Petronila akainama akasoma kwa niaba yake. "Mia na ishirini na tano." Akalitazama debe lililokuwa miguuni pa Clemensi, akaligusa kwa ncha ya kidole. "Na lenyewe liko hapa. Limeshaanza kuwa la baridi."

"Zima," nikasema. Mshale ukaanguka. "Washa." Ukaruka. Hhando akaacha kungoja kuambiwa. Akawa anavuta na kurudisha swichi, taratibu, mshale unapanda na kushuka. Nikaingiza mkono nyuma ya deshibodi nikaipata skrubu. Waya mbili, wa geji na wa taa, chini ya skrubu moja, na chini yake rangi ya kijani, safi, ya kiwandani.

"Nani alifunga hii?" nikauliza, ingawa wote tulijua.

Senteu alikuwa amefuata yote kwa makini. "Ng'ombe iko Olbalbal," akasema, fimbo ikielekea injini, kisha geji, "homa iko Karatu."

Mtu mwingine angesema samahani. Mtu mwingine angekuwa hata na busara ya kucheka. Clemensi alifunga daftari lake.

"Hayo mtayaeleza polisi," akasema.

"Kueleza nini?" akasema Hhando. "Fungua debe nirudishe oili, nikwangue rangi dakika mbili, tuende zetu."

"Lakiri ya serikali haifunguliwi na mtuhumiwa."

"Basi fungua wewe."

"Wala na mlalamikaji. Inafunguliwa na polisi."

Tukabishana naye mpaka tukachoka. Alikuwa ameitia lakiri mwenyewe robo saa iliyopita, kwa mshumaa wa kuombea wa Petronila, na sasa alikuwa anaiogopa kama imeshuka kutoka mbinguni. Nadhani alikuwa na tumaini kwamba barabara itampa neno la kusema. Debe likafungwa juu ya punda mmoja wa Senteu, kati ya kamba za ngozi. Petronila akabaki kulinda saruji. Sisi wengine tukatembea maili tatu ndani ya ukungu: mtaalamu mbele na barua, punda na kielelezo, mchungaji, mtuhumiwa, na mimi nyuma kabisa. Mbogo mmoja alitusikia akatupisha. Ningekuwa mimi mbogo ningefanya vivyo hivyo, kwa kicheko.

Njiani Hhando alinisubiri tukawa sambamba.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu kona ya kwanza baada ya kupumzika."

"Ungesema pale, oili isingetoka."

"Ndiyo."

"Basi," akasema. Hakuniuliza kwa nini. Nilimrudishia chumvi yake, akaichukua.

Kituoni tulimkuta koplo aliyeitwa Metui, mtu mzima, amekaa karibu na jiko la mkaa na koti la mvua begani. Aliisoma barua mara mbili. Akaitazama lakiri, akamtazama punda, akatoa kisu akakata kamba. Akachovya kidole.

"Hii ndiyo oili chafu?"

"Geji ilionyesha hivyo," akasema Clemensi.

"Mimi nakuuliza wewe, simwulizi geji. Hii ni chafu?"

Clemensi akainama, na kwa mara ya kwanza tangu Karatu akaiangalia oili. "Inaonekana safi," akasema.

"Na hiyo geji inasemaje sasa?"

Hapo Senteu akaeleza, kwa Kimaasai kwa sababu koplo alikuwa wa kwao, na kwa mikono, taa inawaka, mshale unapanda, debe liko chini. Koplo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa Kiswahili kama oili ilichemka ikiwa ndani ya debe. Akaikunja barua katikati, akaikunja tena, akamrudishia Clemensi.

"Hapa sina kesi," akasema. "Dereva, chukua oili yako. Lakini debe limeingia na lakiri na limetoka bila lakiri, na mimi ndiye nimeikata. Lazima niandike kwenye kitabu nani alionyesha kwamba kosa ni waya. Ni nani?"

Hhando aliniangalia, akaangalia chini. Alikuwa ameelewa sasa kwa nini nilinyamaza kule konani. Angeweza kusema ni yeye. Alifungua mdomo aseme, lakini Senteu, ambaye hakujua chochote cha vipande, alikuwa ameshaninyooshea fimbo kwa heshima zote.

"Huyu. Huyu ana akili."

"Jina?"

"Ismaili Mughwai."

"Unafanya kazi wapi?"

"Mradi wa maji. Kibarua."

"Kipande?"

"Nitapewa Digodigo." Nikamgeukia Clemensi. "Bwana Mtaalamu alisema pale langoni kwamba mimi ni kibarua wake."

Sikuwa na sababu ya kumtumainia, na bado nilimtumainia, ndiyo aibu yangu ya pili siku ile. Clemensi alikuwa anafungafunga vifungo vya koti. Neno moja lingemtosha. Lilikuwa limeshamtoka asubuhi, langoni, bila hata kufikiri.

"Simjui," akasema. "Nilimpa lifti."

"Muongo," akasema Hhando. "Afande, huyu ni wetu. Amepanda kwetu Karatu, anakwenda kuchimba banio."

"Wewe ndiye mwajiri?"

"Mimi dereva."

"Mwajiri amesema hamjui." Koplo Metui hakufurahia, hilo niseme. Aliniambia nikae karibu na jiko nipate moto, akanipa chai isiyo na sukari, kisha akaniandika. Sheria ilikuwa ndiyo hiyo, nayo haikutungwa pale.

Hhando alichukua debe, akalirudisha juu ya punda. Kabla ya kutoka akaweka pakiti moja ya chumvi kwenye benchi karibu nami. Chumvi, kwa mtu asiye na mboga wala sufuria. Nikaichukua.

Saa tisa hivi nilisikia gari. Lilipita mbele ya kituo likiwa na taa zote mbili, maana siku ile ukungu ulikataa kuondoka, na linakwenda vizuri, injini inaimba bila kikohozi. Hhando akapiga honi mara moja. Kupitia dirishani niliwaona wote: Senteu alikuwa juu ya saruji, pale pangu, Petronila alikuwa amelala, na Clemensi alikuwa ameinamisha shingo anaisoma geji. Sijui ilikuwa inasema ngapi. Nadhani tisini.

Mimi nilipelekwa shamba la mkonge nikakaa miezi minane. Nilipotoka sikurudi Karatu mpaka miaka sita baadaye. Banio la Digodigo lilichimbwa na watu wengine, nalo linapitisha maji. Senteu alipoteza ng'ombe wengi katika ukame uliofuata, akabakiwa na kumi na moja, na yule punda alikufa. Koplo Metui alihamishwa. Petronila alikuta upungufu wa misumari katika stoo yake, akalaumu mtu mwingine, akaolewa Mbulu. Clemensi aliandika taarifa ya kurasa nne juu ya hatari ya rangi ya kiwandani kwenye waya wa ethi, bila jina la mtu yeyote isipokuwa lake, akapandishwa cheo akahamia mjini. Geji aliing'oa akaenda nayo. Hhando aliendesha ile Landrova miaka mingine mitano na injini ile ile, kisha akaacha, akawa analima maharage. Mtamba alizaa mara nne. Antonia alipika ugali siku niliyopita kwao, na Hhando akaniuliza kama ile chumvi niliitumia. Nikamwambia iliibiwa usiku wa kwanza.